Sauti Isiyotakiwa

Jumatatu, 3 Machi
Odero wa mlango wa tisa amepiga gitaa jioni nzima. Asenath, jirani yangu wa ukuta, ametoa kigoda akakaa nje kumsikiliza. Mjane wa miaka miwili, na mimi ndiye ninayempenda! Kila alfajiri namwimbia nyimbo za kanisa, mdomo karibu na ukuta. Asante hakuna. Gitaa hilo lazima linyamaze.

Jumanne, 4 Machi
Shuleni nilikuwa monita. Niliandika majina ya "noise makers", yaani wapiga kelele, wakachapwa. Kazi hii naijua. Nimefungua kamusi: kumbe "noise" si lazima iwe kubwa. Ni sauti yoyote isiyotakiwa. Hata gitaa la polepole limo. Nimemwandikia Nzuki, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaa wa Umoja: kuna "noise", mwenye nayo ahamishwe. Odero sikumtaja. Mimi si mtu wa fitina.

Alhamisi, 6 Machi
Nzuki kaja kuuliza neno hilo lina maana gani. Nikamfafanulia. Akashika daftari, akaenda mlango hadi mlango akiuliza kila mtu ni sauti gani asiyoitaka. Nimejifungia nikacheka. Kucheka peke yako si kuzuri. Tangu mke wangu Nafula arudi kwao Webuye, mezani kuna kikombe kimoja.

Jumamosi, 8 Machi
Notisi imekuja. Ni yangu. Milango kumi na minne, jibu moja: Mukhwana na nyimbo zake za saa kumi na moja. Nihame mwezi ukiisha. Nikadai kuona sahihi. Ya kwanza ni ya Asenath. Nzuki anasema mama huyo alitia sahihi akilia. Nyimbo hizo ndizo zilizoimbwa kwenye matanga ya mumewe, na kila alfajiri anafiwa upya. Ni kweli, nilizijulia huko huko matangani. Sijui nyingine. Sijala tangu mchana. Naumia.

Jumapili, 30 Machi
Nimehamia mtaa wa Donholm. Hapa hakuna anayenijua, hata wa kuniambia ninyamaze. Nimelia, nikanawa uso, nikafikiri. Kosa ni la ukuta. Maneno hayakupenya, Asenath alipata huzuni tu. Kesho naenda soko la Gikomba kutafuta tarumbeta. Jumamosi alfajiri nitasimama chini ya dirisha lake. Nyimbo zitakuwa zile zile, maana hizo anazijua.