Pango la Nyuzi Ishirini na Moja

Jumapili, 4 Mei 2025
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Nasriya wangu kaamka, kapiga chafya. Hata chafya yake nzuri! Yeye ana shahada mbili, mimi nilikomea sekondari. Mapenzi hayaulizi vyeti.

Habari mbaya. Jumamosi anakwenda milimani siku kumi kuchunguza mbuzi-mwitu: joto likipanda wanahamia wapi, wanajificha kivuli gani, wanatoka saa ngapi. Kibali ni cha watu wawili tu. Raghad, mfanyakazi mwenzake, keshajipa nafasi ya pili. Raghad hupanda majabali kama yeye ndiye mbuzi. Nikasema nataka kwenda mimi. Akacheka: "Shemeji, ngazi za nyumbani tu zinakutoa pumzi."

Nasriya, roho yangu, kaamua nijaribiwe. Kanipa kola yenye mtambo, watakayowavisha mbuzi shingoni. Jumatatu na Jumatano, saa sita mpaka saa tisa mchana, niivae, nitembee kwenye vilima vya mawe nyuma ya mtaa wetu, Madinat Sultan Qaboos. Jua likinishinda, nikae kivulini kama mnyama. Alkhamisi ataamua. Kwa dakika ishirini alinieleza kola inavyofanya kazi. Nilikuwa natazama kope zake. Nilichoshika ni kwamba inaonyesha mahali ulipo.

Jumatatu, 5 Mei
Nyuzi 43! Nimetembea dakika sita. Kisha akili ikanijia. Kola inataka mahali, na gari nalo huwa mahali. Nikaegesha kilimani juu kabisa, kiyoyozi mpaka mwisho, nyimbo za mapenzi. Saa nane koo likakauka, nikateremka mara moja mtaa wa Khuwair ya Kusini. Pale ukipiga honi tu, karak, ile chai ya maziwa na iliki, inaletwa dirishani. Nikarudi kilimani.

Mama mkwe, Bi Aliya, kanipokea mlangoni. "Nnakuona mkavu, mwanangu. Jua la leo lilikwenda wapi?" Nikasema mahaba hukausha jasho.

Jumanne, 6 Mei
Nasriya kanirukia shingoni! Kumbe kola inapima na joto. Jana mchana, juu ya kilima kitupu, ilisoma nyuzi 21. Anasema lazima pana pango, huenda lina maji ndani. Na kama mbuzi nao wana mapango ya namna hiyo, utafiti mzima unabadilika. Akaniuliza liko wapi. Macho yale! Nani angeweza kumtajia Toyota? Nikasema lipo, ila mdomo wake mwembamba. Akanibusu kipaji cha uso. Raghad alikuwa pembeni na daftari. Alikuwa anaandika tu.

Jumatano, 7 Mei
Wanataka kulitazama kesho. Nimezunguka kilima chote natafuta pango. Nimepata tundu moja, nikatia mkono. Mwenyewe alikuwemo. Kidole kimevimba.

Mpango wa pili: pango life. Nimeiacha kola juu ya dashibodi, gari nimelizima, vioo nimefunga, mimi nimejilaza chini ya daraja la karibu. Joto likipanda wataamini pango limeziba. Safi kabisa!

Alkhamisi, 8 Mei
Maafa. Kola ilisoma 71. Raghad kasema huyo si mbuzi tena, huyo mshikaki. Kisha katandaza ramani mezani, mbele ya Bi Aliya. Jumatatu pango langu liliteremka kilima kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, likazunguka mzunguko wa barabarani mara mbili, likasimama dakika kumi na moja mbele ya duka la chai, likapanda tena. "Shemeji, pango lako lina magurudumu." Bi Aliya alicheka mpaka akashika ukuta.

Nasriya hakucheka. Kasema keshamwandikia msimamizi wake habari za pango, na sasa itabidi amwandikie tena. Kasema ningemwambia tu jua limenishinda, hilo nalo lingekuwa jibu, na angenichukua hata nikawabebea maji. Anakwenda na Raghad. Alisema polepole. Sauti yake ni tamu hata ikiwa na hasira.

Jumamosi, 10 Mei
Wameondoka alfajiri. Nimelia kidogo, kiume.

Lakini nimesikia jambo! Kabla ya safari kaibandika chati ya joto la kola yangu ukutani ofisini kwake, ili wanafunzi waone kosa linavyoweza kufanana na ugunduzi. Ukutani! Mke gani hubandika mume asiyempenda?

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, nikaona palipoharibika. Shida yao yote kule ni joto. Basi nimekodi jenereta, feni mbili kubwa, turubai la buluu na masanduku manne ya barafu. Kesho nitavipanga bondeni, chini ya kambi yao. Mbuzi wakisikia ule upepo watateremka wenyewe, wote, mchana kweupe, na Nasriya hatapanda jiwe hata moja. Atawahesabu ameketi.

Kiti chake nimekitilia mto.