Duka la Mikate Lisilotaka Kuvaa Mkeka wa Msiba

Neiafu, Vava'u
Jumatano asubuhi

Kwako Mkurugenzi Lavinia,
Duka la Mikate la Maikolo.

Binti yangu, pole tena kwa kufiwa na baba. Nakuandikia kwa heshima zote na hasira kidogo. Mimi ni mteja wenu wa miaka thelathini na mmoja, na kila Jumapili jioni, baada ya ibada, nilikaa na marehemu kwenye benchi la nyuma ya tanuri tukipiga soga. Hoja yangu ni hii: duka alilizaa yeye, na alilipenda kuliko ninyi nyote, usinune. Basi ni mtoto wake, na liomboleze kama mtoto. Malalamiko ni haya:

1. Kitambaa cheusi mlichofunga mlangoni kinatosha kufutia pua tu. Kwa mila zetu visiwani, mtoto wa marehemu hujifunga mwilini mkeka mkubwa, mchakavu, kutoka kifuani hadi chini ya magoti. Naomba jengo zima lizungushiwe mikeka, na bomba la moshi lisisahauliwe.

2. Watoto wa marehemu hukatwa nywele. Bango lenu, "Mikate ya Maikolo", bado refu vilevile. Jina likatwe nusu, libaki "Mikate ya Mai". Tutaelewa.

3. Kabla hata hajazikwa, nilipita nikaona moshi. Nikaingia nikiwa nimefura, msichana wa kaunta akaniuliza, "Mzee Penisimani, leo miwili au mitatu?" Nikachukua mitatu.

4. Kwa hiyo tanuri lizimwe siku mia moja, mji mzima ule viazi vikuu. Unga uliokwisha kukandwa uzikwe kwa heshima. Mchungaji nimeshamdokeza, alinijibu, "Nenda kalale kidogo, Penisimani."

Siandiki haya kwa ubaya. Nimempoteza rafiki, na naogopa kwamba duka likiendelea kama kawaida, mwezi ujao hakuna atakayemkumbuka. Msiponisikiliza nitahamia kwa yule mwokaji wa bandarini, ambaye mkate wake mimi huutumia kuzuilia mlango usibamizwe na upepo.

Nisalimie mama, wakandaji wote, na yule paka wa stoo ya unga.

Wako mwenye majonzi na njaa,
Penisimani Taufa

Baada ya sahihi: Nimemsomea barua hii Vaimoana, mpwa wa marehemu, yule aliyekaa kichwani mwa jeneza, kama mila inavyompa mpwa haki hiyo. Amecheka hadi akashika ukuta. "Mzee mzima hujui mila? Mtoto wa marehemu hakai mbele akilia! Yuko jikoni, anapikia waombolezaji. Ile mikate uliyoifakamia msibani ilishuka kutoka mbinguni?"

Nilikula vipande sita, binti yangu. Kumbe ule moshi niliouona ulikuwa wa mikate hiyo. Duka lenu lilimlilia Maikolo kabla yetu sote. Msizime tanuri. Naomba tu benchi la nyuma lisiondolewe. Jumapili nitakuja na mkeka wangu, na mkiniona nalia, msiniulize miwili au mitatu.