Udongo wa Makopo ya Rangi

Jumapili, 2 Machi

Shangazi ametoa amri leo, huku akikata kucha za miguu. Amesema digrii ya falsafa haijawahi kujaza sufuria. Kwa hiyo nichague: Jumapili ya mwisho wa mwezi nimlishe mboga nilizootesha mwenyewe, sufuria nzima, au Jumatatu yake nikasimame dukani kwake kupima misumari. Nikishinda, ananiacha na vitabu vyangu hadi mwaka uishe.

Misumari! Mimi!

Nimekubali papo hapo. Nyuma ya jiko kuna makopo ya rangi aliyoyaacha mpangaji wa zamani. Yamejaa udongo mkavu na mashina ya spinachi yaliyonyauka. Shangazi anadai udongo ule umekufa, nikaombe mbolea kwa jirani. Siombi! Jirani ni Mzee Kaptula, mstaafu, ambaye kila asubuhi huchungulia juu ya ukuta kuniuliza kama nimepata kazi. Udongo haufi. Umekata tamaa tu. Tunaelewana.

Jumatano, 5 Machi

Nimeazima chekeche la unga la Shangazi. (Hajui.) Nimechekecha udongo kutwa. Kanuni yangu ni moja: mabaki ya zamani yote yatoke. Nimetoa mashina, mizizi, vitunguu vidogo vilivyokunjamana, na nyungunyungu wanene wasio na haya. Huwezi kuanza upya huku umebeba maiti za jana. Niliandika kurasa themanini chuoni kuhusu jambo hili hili.

Jioni nimezirusha takataka juu ya ukuta, kwenye lundo la majani makavu la Mzee Kaptula. Uchafu wangu, adhabu yake. Bado nina makopo mengi. Nitarusha kila jioni.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Kaptula kaja kulalamika. Kuna mtu anamrushia taka. Jana kitunguu kilimwangukia kwenye upara.

Shangazi akanitazama. Nikamwamkia mzee kwa heshima zote, shikamoo babu, nikamweleza kuwa ni paka. Akauliza tangu lini paka wanarusha vitunguu. Nikajibu paka wa siku hizi hawatabiriki.

Nimeona aibu kwa dakika moja hivi. Ikapita.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeoka udongo. Nilisoma mahali kwamba joto huua wadudu na magonjwa. Nikaushindilia kwenye chombo cha keki, nikauweka kwenye oveni, nikautoa upoe, nikaenda chumbani kutafakari.

Niliporudi jikoni, nilimkuta mezani fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba linalovuja. Shangazi, kwa furaha kwamba hatimaye nimeoka kitu, alikuwa amemkatia kipande. Kipande kikubwa! Yeye mwenyewe amekatazwa vitamu, akabaki anamtazama fundi kwa wivu. Fundi alitafuna polepole, macho yamemtoka. Alimaliza. Akasema kwa adabu kwamba keki ni nzuri, mama, ila labda sukari imepungua kidogo. Akaomba maji. Akaomba tena.

Kumwambia ni udongo? Ningeanzia wapi?

Bomba bado linavuja. Fundi hapokei simu.

Jambo la kutia moyo: mkewe kamwambia Shangazi kwamba mumewe hajaumwa popote. Kwa hiyo udongo wangu ni safi. Naendelea kuoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesia mbegu za spinachi tangu Jumatatu. Kimya. Udongo umekuwa kama unga. Maji yanateleza juu yake, yanazunguka kopo, yanatoka. Nakaa kando yake nikiusomea kwa sauti. Shangazi kanichungulia dirishani, akafunga pazia.

Ng'ambo ya ukuta, lundo la Mzee Kaptula limeanza kuota vitu vya kijani. Magugu! Nimecheka hadi mbavu zimeuma.

Jumamosi, 22 Machi

KIMEOTA! Kopo la tatu! Kichipukizi kimoja, chembamba, kijani kibichi, kimesimama wima kwa ujasiri ambao mimi sijawahi kuwa nao. Nimelia. Nimekimwagilia kwa kijiko cha chai. Nimekitengenezea kivuli kwa jalada la tasnifu yangu.

Baadaye: Shangazi kakichomoa. Ni uzi wa ufagio wa plastiki. Kaurudisha kwenye ufagio.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya hukumu. Shangazi aliweka sufuria tupu katikati ya meza, kwa makusudi kabisa. Nilikuwa bado natafuta la kusema, mara hodi! Mzee Kaptula, amekumbatia furushi la spinachi, majani mapana kama masikio ya tembo, na vitunguu vya majani juu yake. Kasema vimejiotea kwenye lundo lake, hata maji hajavimwagia. Kasema na nyungunyungu nao wamejaa humo, hajui wametoka wapi.

Mimi najua wametoka wapi!

Nilisimama. Nikatangaza kuwa mboga zile ni zangu. Mashina yametoka kwenye makopo yangu, nimeyarusha kwa mkono wangu huu, na mboga zinajaza sufuria. Nimeshinda!

Mzee akapapasa upara wake. Akauliza taratibu: kumbe, binti, paka ni wewe?

Shangazi alicheka mpaka akashikilia meza. Kisha akahukumu. Mboga ni za aliyeziacha ziote. Kesho misumari. Na kila Jumamosi nikafagie uwanja wa babu, kwa ufagio ule ule.

Tumekula wote watatu. Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Dukani. Nimepima misumari ya inchi mbili, ya inchi tatu, ya bati. Fundi bomba kaingia kutafuta koki, kaniona, katoka kinyumenyume.

Kisha, kwenye rafu ya nyuma, nikaiona. Roli ya wavu wa chuma, matundu madogo kama ncha ya sindano! Nilisimama pale nimeishika, na kila kitu kikanyooka kichwani. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la chekeche la unga! Matundu yake ni makubwa mno, mabaki ya zamani yakapenya, yakaukatisha udongo tamaa upya.

Nimekata mita mbili. Leo jioni naanza upya, na safari hii hakipenyi kitu. Takataka nitazirusha juu ya ukuta wa upande wa pili, kwa jirani fundi cherehani.

Yule ana nywele.