Farasi Aliyenisimamisha Kanisani

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima. Tena nimevaa suti!

Mambo yalianza jana kule Makongeni, kwa babake mchumba wangu Rosa. Mzee ni fundi wa reli, na hajawahi kunipenda sana. Baada ya chai akatoa ubao wa sataranji. Farasi mmoja alipotea zamani, kwa hiyo mahali pake wanaweka kizibo cha soda. Nilicheza vizuri (hivyo ndivyo nilivyodhani), kisha ghafla mfalme wangu akabanwa pembeni. Kwisha.

"Umekosea wapi?" mzee akauliza.

"Sijui, baba."

"Hujui? Na unataka kuoa? Kesho tukitoka kanisa, kuja unionyeshe. Nataka nijue msichana wangu nampatia mtu wa aina gani."

Nikaondoka na mawazo tele, na kizibo mfukoni bila habari.

Leo asubuhi nimeketi kanisani. Sakafu yetu ni ya vigae vyekundu na vyeupe. Jua lilikuwa likiingia dirishani, likihama taratibu kutoka kigae hadi kigae. Kwaya ikaimba kwa upole, nami nikaanza kuelea. Mama mmoja wa kitambaa cha kijani akawa malkia. Watoto wa mstari wa mbele wakawa askari. Mchungaji akawa mfalme (anisamehe). Rosa, pale kwenye kwaya, sikumpa kazi yoyote. Nilimtazama tu, nikafurahi.

Nikaurudia mchezo wa jana hatua kwa hatua, vidole vikipapasa kitu mfukoni. Mbali sana, sauti ilikuwa ikisoma majina ya watu. Sikuijali. Askari mbele. Malkia kando. Halafu nikaona! Ningemrusha farasi juu ya askari wake, mzee angekwisha!

"...na kama kuna mtu ana sababu ya kuzuia ndoa hii," mchungaji alikuwa akisema, "asimame sasa."

Nikasimama. Nikainua kizibo juu.

"Ni farasi!"

Kanisa zima likanigeukia. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Bwana Barasa," mchungaji akasema polepole, "hii ni ndoa yako ninayoitangaza."

Loo! Nilitamani vigae vifunguke. Rosa akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Babake, mstari wa pili, hakunitazama usoni hata kidogo. Alikuwa akikodolea macho mkono wangu.

"Kumbe ni wewe ulienda na farasi yangu!"

Mchungaji akaamua kwamba tangazo limeharibika, lisomwe upya Jumapili ijayo.

Hata hivyo nilikwenda Makongeni (shingo upande, lakini nampenda Rosa). Nikapanga vipande kama vilivyokuwa jana, nikamrusha farasi wangu kwa madaha. Mzee akamla papo hapo kwa malkia. Mfalme wangu akabanwa upesi zaidi kuliko jana!

"Ona," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Hapa ungesukuma huyu askari mdogo. Farasi alikuwa mahali pazuri. Ungemwacha tu akae."

Rosa alikuwa akimimina chai. Hakuinua macho.

"Hata kanisani," akasema.

Basi msicheke. Jumapili ijayo tunatangazwa tena. Kama nyinyi ni rafiki zangu kweli, mmoja aketi kulia kwangu, mwingine kushoto, na mnishike koti.