Uwanja wa Mwenyekiti Leopold

Kwa mara ya kwanza tangu Mungu aumbe milima ya Umatengo, Mbinga ilikuwa inapata Ligi ya Kulipwa. Mwenyekiti Leopold alitangaza hilo kwa kipaza sauti nje ya kanisa la Mapera, misa ilipotoka. Watu wakapiga makofi wakidhani ni habari ya mbolea.

Hizi ni zama za soko huria, alifafanua. Kandanda si mchezo tena, ni bidhaa. Nembo ilikuwa tayari: mamba wa Ziwa Nyasa anatafuna tawi la kahawa. Kamati ya Mikakati ya Masoko ilikuwa na wajumbe kumi na wanne. Timu zilikuwa mbili. Mpira ulikuwa bado unatafutwa.

Kilichopungua ni uwanja, na mfadhili kutoka Dar es Salaam angekuja Desemba kuukagua. Bila uwanja hakuna ligi, na bila ligi Leopold angekuwa mwenyekiti wa nini, jamani? Akalikazia macho shamba la Bibi Walburga, mteremkoni juu ya nyumba yake mpya. Lilikuwa mashimo matupu, zile ngoro ambazo Wamatengo huchimba tangu enzi za mababu.

"Mashimo yanaharibu taswira. Yafukiwe."

"Baba, ngoro ndizo zinazoushika mlima," alisema Walburga. "Na wajukuu wangu watakula nini?"

"Watakula maendeleo. Tatizo lako, mama, huna maono."

"Sina. Ila mvua naijua."

Ngoro zikafukiwa, chokaa ikapigwa. Kwa kuwa goli moja lilikuwa juu kabisa na jingine bondeni, Kamati iliazimia kwamba timu ya Kihagara, kama wageni, washambulie kwa kupanda.

Siku ya ukaguzi mvua ya kwanza ikashuka tangu asubuhi. Loo! Uwanja nao ukashuka, na magoli yake, ukaingia kwa Mwenyekiti kwa mlango wa mbele bila kubisha hodi. Mfadhili alimkuta Leopold amesimama juu ya kochi, tope limefika nusu ya kochi. Akampa pole, akageuza gari.

Walburga alifika baadaye na jembe na kikapu cha mbegu.

"Mama, nisamehe. Shamba lako limepotea."

"Halijapotea. Limehamia kwako." Akapima kina cha udongo sebuleni kwa mpini, akaridhika. "Toa hilo kochi, baba, nichimbe ngoro."

Leopold akashuka, akashika upande mmoja wa kochi, akaanza kulivuta.