Kiuno cha Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Dada, mwenye karakana hii ya ushonaji, ametangaza mbele ya mafundi wote kwamba suruali za bendi ya matarumbeta zitakatwa kwa vipimo vya kompyuta yangu, si kwa daftari la Sentimita. Sentimita ndiye mkataji wetu mkuu. Anavaa futi shingoni hata akienda kunywa chai, na daftari lake analisoma yeye peke yake. Alisikia habari, akaendelea kunoa mkasi. Nilifurahi sana.

Wanabendi ni thelathini na sita. Kila mmoja ana hati yake katika hifadhidata aliyotutengenezea mpwa wangu, binti mkubwa wa dada, mtaalamu wa kompyuta. Jina, ala anayopiga, kiuno, mguu, na kadhalika. Mimi nachapa lebo, lebo inabanwa kwenye kitambaa, kitambaa kinakatwa. Makoti yameshakwisha. Suruali zinatakiwa Jumamosi. Dada kasema wazi kwamba bendi isiporidhika atafunga karakana mwisho wa mwezi, na mafundi wake wawili wa kike watarudi nyumbani. Bendi ikiridhika, mimi nitaitwa Mkuu wa Kumbukumbu na nitapewa kile chumba kidogo chenye dirisha. Kwa sasa Sentimita anaweka chaki zake humo.

Saa nne kiongozi wa bendi akapiga simu. Mpiga tarumbeta mmoja, wanamwita Bonge, amenenepa. Kiuno kimetoka 98 hadi 110. Kazi rahisi kwangu. Nikaiamuru mashine imtafute anayepiga tarumbeta, kiuno kiwe 110. Ikajibu: imepatikana moja, imebadilishwa moja. Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Jumanne, 4 Machi

Sentimita amekuja mezani kwangu na lebo ya Njiti. Njiti anaitwa hivyo kwa sababu ukimtazama kwa ubavu humwoni. Lebo ilisema kiuno 110. Sentimita akauliza kama kijana huyo amemeza ngoma. Mafundi walicheka hadi cherehani zikasimama.

Nikampigia mpwa. Akaniuliza wapiga tarumbeta ni wangapi. Tisa. Akasema basi mashine ilimchukua wa kwanza iliyekutana naye, na wa kwanza ni Njiti. Kila hati ina namba yake isiyofanana na nyingine, akasema, kwa hiyo nitaje namba. Halafu akauliza kama nachukua nakala ya hifadhidata kila jioni kama alivyonielekeza. Nilimwambia nakala ni za watu wasiojiamini. Akasema ana kikao.

Sentimita alifungua daftari na kunisomea kiuno halisi cha Njiti: sabini. Nikamwambia nitarekebisha nikipata nafasi. Sikutaka aone nimepokea amri kutoka kwake.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia namba! Hati ya Bonge, namba yake kamili, kiuno 110. Imepatikana moja, imebadilishwa moja.

Nikachapa lebo. Lebo ilikuwa na kiuno 110 basi. Hakuna jina, hakuna tarumbeta, hakuna mguu. Bonge mzima amebaki kiuno.

Nikarudia kusoma maelezo ya mpwa. Kumbe kuna amri ya kurekebisha jambo moja ndani ya hati, na kuna amri ya kuitoa hati yote na kuweka nyingine mahali pake. Nilichagua ya pili kwa sababu ilikuwa fupi.

Jina na tarumbeta nimevirudisha kwa kumbukumbu. Urefu wa mguu sikuujua. Kwenda kumwuliza Sentimita? Afadhali nifagie karakana kwa kope. Jioni nilipita kwa dada. Shemeji alikuwa amelala kwenye kochi baada ya kazi. Tumbo la shemeji na la Bonge ni baba mmoja mama mmoja. Nikampima mguu polepole kwa futi ya akiba. Alifungua jicho moja, akauliza nafanya nini. Nikasema namwondolea uzi. Akalala tena. Vipimo vya shemeji sasa viko ndani ya hati ya Bonge, na hakuna aliyejua. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kuandika mengi.

Asubuhi Sentimita alitoka kwenda kununua zipu. Nikaona ndiyo nafasi ya kumrudishia Njiti sabini yake kwa utulivu. Nikaandika amri ya kurekebisha, ile sahihi, ndefu, yenye neno “zote” nililodhani ni pambo. Kiuno 70. Nilikuwa na haraka, namba ya hati sikuitaja. Nilidhani mashine inajua tunamzungumzia nani, maana tumemzungumzia tangu juzi.

Ikajibu: zimepatikana thelathini na sita, zimebadilishwa thelathini na sita. Nikadhani ni pongezi.

Nikachapa lebo zote upya ili meza ipendeze. Mafundi wawili wakakata. Walipofika suruali ya kumi na moja, mmoja wao akauliza kwa upole kama bendi nzima imeacha kula. Sentimita aliporudi alishika lebo moja, akashika ya pili, akaketi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Dada aliniita nje, karibu na pipa la vipande vya kitambaa. Akasema yeye haogopi kufunga mlango, anaogopa kuwaambia wale wawili. Mmoja amesomesha watoto kwa cherehani ile. Nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu ya kweli. Mpwa alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu, kuhusu nakala.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kabla ya wote. Nikamkuta Sentimita ameshafika. Ameweka viti viwili mbele ya kompyuta na daftari limefunguliwa.

Akasoma, nikaandika. Namba ya hati, kiuno, basi. Imepatikana moja, imebadilishwa moja. Hati kwa hati, kuanzia wapiga ngoma hadi mbeba bendera. Alisema nisome kwa sauti kabla ya kubonyeza, nami nikasoma. Kwa Bonge tulikubaliana 110. Katikati ya kazi akaniambia daftari lake haliwezi kusomwa na mtu mwingine kwa sababu alijifunza kuandika ukubwani, peke yake, na hakutaka watu waone. Akanionya nisimwambie mtu. Kwa hiyo nimeliandika hapa tu.

Suruali kumi na moja zilizokatwa vibaya: tisa zimepona. Kumbe Sentimita amewafundisha mafundi kuacha vidole vinne vya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, kila suruali, miaka yote. Mbili zimekatwa upya kwa kitambaa cha akiba. Cherehani zote zimelia mpaka jioni. Mimi nimepiga pasi. Nimeungua kidole kimoja na sikulalamika, au nililalamika kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Thelathini na sita, wamejaa karakana mpaka mlangoni. Dada alikuwa ameshika mkasi bila kukata chochote.

Njiti alivaa, ikamkaa kama amezaliwa nayo. Wapiga ngoma safi. Mbeba bendera akageuka mbele ya kioo mara tatu. Kisha akatoka Bonge. Kiuno barabara. Miguuni soksi zote nje.

Jana tulirudisha viuno tu. Mguu ulibaki wa shemeji. Shemeji ni mfupi.

Kiongozi wa bendi akamtazama dada. Nilitaka kuingia kwenye pipa la vitambaa. Ndipo Bonge akaketi kwenye kiti, akavuta pumzi ndefu, akapuliza tarumbeta sauti moja nene ya ajabu. Akasema ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kuketi na suruali ikamruhusu kupumua, kwa hiyo habari ya urefu ametuachia tuirekebishe wenyewe. Sentimita alikuwa ameshapiga magoti anafumua upindo. Vidole vinne vingine vilikuwa mle ndani. Pasi, dakika kumi, soksi zikafichika.

Kiongozi wa bendi amesema atatusifia hospitalini, wanatafuta wa kuwashonea wauguzi sitini. Dada amewakumbatia mafundi wake wawili kwa pamoja na wote watatu wamelia. Mimi pia, lakini ilikuwa mvuke wa pasi. Chumba chenye dirisha amepewa Sentimita. Yeye akasema meza mbili zinaenea humo, yake na yangu.

Jumapili, 9 Machi

Wamekubali! Wauguzi sitini, vipimo vianze wiki hii. Mpwa amenifungia mashine nisiweze kugusa zaidi ya hati moja kwa wakati. Sawa, ni haki yake.

Lakini nimefikiri. Kupima watu sitini mmoja mmoja, kisha kuandika hati sitini moja moja, ni kupoteza siku za Mungu. Muuguzi ni muuguzi. Wote wanatembea sana, wote wanakula chakula kimoja. Leo mchana nimemwona mmoja akipita mtaani, nikamfuata hadi kona nikimkadiria kwa jicho. Kiuno themanini, mguu mia. Nimeshamwandikia hati. Hamsini na tisa waliobaki nitawanakili kutoka kwake kesho asubuhi, kabla Sentimita hajavaa futi.