Umwinyi Wangu na Sinia la Nguruwe

Jumatatu, 4 Septemba

Filamu imefika mjini. Hatimaye Kutaisi nayo imekumbukwa. Malori sita, mahema, farasi wawili, na mwongozaji mwanamke, Bi Nestan, ambaye huongea polepole mpaka watu wanamwogopa. Hadithi ni ya enzi za magauni mapana na mamwinyi wenye majambia. Kijana Sandro, mtoto wa muuza mishumaa, anajifanya mwinyi, anadanganya huku na huku, anaoa katika ukoo mkubwa, halafu anaumbuka. Nimeisoma karatasi yao. Sandro ni mpumbavu. Mimi nisingeumbuka.

Nahitaji nafasi ya mwinyi. Lazima. Sababu naiandika hapa tu. Shajara hii ina kufuli, nami ndiye fundi kufuli. Binti yangu Tekle anapendana na Ucha. Baba yake Ucha ni mzee Rostom, mwinyi wa kweli, nasaba yake yote iko ukutani ndani ya fremu. Jumapili hii anakuja kwetu kuposa. Wiki iliyopita alinikaribisha kahawa, akaniuliza kwa upole sisi asili yetu wapi. Nikasema hata sisi tulikuwa mamwinyi. Akauliza wa upande gani. Nikasema wa kule juu. Kisha, sijui ulimi ulipata wapi mbio zile, nikasema ndiyo maana filamu imenichagua mimi nicheze mwinyi. Akafurahi kweli. Akasema Ijumaa hii atakuja kutazama.

Leo wamegawa nafasi. Zviad, msaidizi wa Bi Nestan, alipita akitukagua kama mtu anayechagua matikiti. Murman, jirani yangu, fundi wa majokofu, amepewa chokha nyeupe, lile koti refu la mamwinyi, pamoja na jambia la fedha. Kwa sababu ya kitambi! Zviad anasema kitambi kile ni cha enzi zile hasa. Mimi nimepewa koti la kijivu na sinia. Juu ya sinia kuna kitoto cha nguruwe cha kuchoma. Nitakibeba mpaka Ijumaa. Murman ameniambia mbele za watu kwamba sinia limenikaa vizuri.

Jumanne, 5 Septemba

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi. Wakati wa chakula cha mchana nikaingia hema la mavazi, nikachukua chokha nyeupe, nikavaa, nikaenda kusimama kati ya mamwinyi na kutazama mbali. Mamwinyi hutazama mbali.

Ilikuwa chokha ya Sandro mwenyewe. Mwigizaji mkuu kutoka Tbilisi alikuwa anaitafuta akiwa na shati la ndani. Bi Dodo wa mavazi akanivua hapo hapo, kifungo kimoja kimoja, watu sitini wakitazama. Vifungo ni vingi. Aliniambia kama nina baridi ningesema tu, angenipa blanketi.

Nikarudi kwa nguruwe wangu. Wanampaka mafuta kila saa ili ang'ae.

Jumatano, 6 Septemba

Tekle ameniambia nimwambie mzee Rostom ukweli kabla ya Ijumaa. Anasema mzee si mtu wa makuu, na Ucha wake hajali hata kidogo. Anasema pia kwamba posa ni yake yeye, si yangu, na nikiiharibu hatanisamehe. Alikuwa analia. Mtoto huyu hana uzoefu wa dunia. Nikamwambia baba yako analishughulikia. Akalia zaidi.

Lamara, mke wangu, hakulia. Aliniuliza tu, baba Tekle, hivi unaogopa nini? Nikasema siogopi chochote. Akaendelea kukatakata biringani.

Nikawaza sana. Mwenye sinia hapewi neno la kusema, na Rostom atajuaje kuwa mimi ni mtu mkubwa kama sisemi? Ndipo likanijia. Ijumaa ni onyesho la karamu. Kwenye karamu anayesema ni mkuu wa meza, na yeyote ambaye mkuu wa meza atamrushia neno kwa kumwambia alaverdi. Ukishaambiwa alaverdi, umeambiwa. Hata ungekuwa umekuja kurekebisha bomba, utapewa pembe ya mvinyo, utasimama, utasema. Na anayewaombea marehemu mezani hakatizwi, awe nani. Hakuna mwongozaji aliyezaliwa Georgia atakayethubutu.

Mkuu wa meza anachezwa na mzee Bichiko, mwigizaji wa siku nyingi, mjane, mpole. Kwenye filamu mvinyo wao ni maji ya komamanga. Jioni nikampelekea mtungi wa mvinyo wangu mwenyewe. Akaonja. Akafumba macho. Akasema atalifikiria.

Alhamisi, 7 Septemba

Balaa. Shangazi Venera ametokea.

Nilimkataza asije. Ana miaka themanini na moja na mdomo wake haujawahi kuwa na mlango. Alikuja na basi la asubuhi kwa sababu alisikia chakula ni cha bure. Bi Nestan akamwona getini akigombana na mlinzi. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema uso huu nimeutafuta miezi minane. Baada ya nusu saa shangazi yangu alitoka hemani amevaa hariri nyeusi, lulu, na shela. Bibi mwinyi, mama wa ukoo! Amekalishwa katikati ya meza.

Tumefanya mazoezi mara kumi na nne. Mara kumi na nne nimeingia na sinia na kumwinamia shangazi yangu. Mara ya tisa akaniambia niiname vizuri, mgongo haujavunjika. Murman alicheka hadi jambia likamdondoka.

Nguruwe ameanza kunuka. Zviad anasema kwenye filamu harufu haionekani.

Habari njema: mtungi wa pili umekubaliwa. Mzee Bichiko amenipa mkono. Kesho atawaombea marehemu, kisha atanirushia neno.

Ijumaa, 8 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Mzee Rostom alifika saa nne, pamoja na Ucha na Tekle. Wakapewa viti nyuma ya kamera. Rostom alivaa suti. Akaniuliza, kwa adabu tu, mbona koti la kijivu. Nikamwambia huyu ni mwinyi aliyejificha katika nguo za mtumishi, mambo yatafunuliwa mezani. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa sanaa. Tekle alikuwa anatazama viatu vyake.

Kamera ikaanza. Mzee Bichiko akasimama na pembe. Mvinyo wangu ulikuwa umo ndani ya pembe na umo mwilini mwake pia, tangu alfajiri. Akaanza maneno ya karatasi, kisha karatasi ikamtoka. Akamtaja mkewe, aliyefariki majira ya baridi. Akasema kikombe chake bado kiko kwenye ndoano jikoni na hathubutu kukigusa. Watu wote wakasimama. Bi Nestan akasimama. Vijana wa taa wakavua kofia. Kisha mzee akageuka, machozi yakimtiririka, akasema alaverdi kwa Kukuri.

Yaani mimi. Kwa jina langu! Zviad akafungua mdomo, Bi Nestan akampiga kofi mkononi. Marehemu walikuwa wametajwa.

Sasa, huwezi kushika pembe na nguruwe kwa pamoja. Nafasi mezani hakuna. Nikampa Murman sinia. Angefanyaje? Mtu anaombea marehemu. Akasimama na kitambi chake na chokha yake nyeupe, amekumbatia nguruwe wangu, mafuta yakimtiririkia kifuani.

Nikasema. Aa, nilisema! Niliwaombea babu zangu waliolinda ngome, babu zangu waliopanda farasi weupe, babu zangu ambao milango ya makanisa ilifunguliwa walipokohoa. Dakika kumi na moja, Zviad alipima. Nikamwona Rostom nyuma ya kamera amevua kofia, amesimama wima. Nikasema moyoni, Kukuri, binti umemwoza.

Nikainua pembe ninywe. Hapo ndipo shangazi Venera, ndani ya lulu zake, akasema kwa sauti kavu:

"Na baba yangu Polikarpe umemwacha wapi?"

Nikamkonyeza. Macho yake hayaoni mbali.

"Umewataja watu wote ambao hatuwajui," akasema, "babu yako mzaa baba umemruka. Polikarpe, mhasi nguruwe wa vijiji saba! Mkono mwepesi hata nguruwe mwenyewe hajui mpaka kesho yake. Haya, mwombeeni."

Na desturi ni desturi. Watu sitini, mamwinyi kwa watumishi, Bi Nestan na vijana wa taa, wakainua vikombe wakamwombea mhasi nguruwe apumzike kwa amani. Rostom naye. Nilinywa pembe nzima kwa sababu sikuwa na pa kuuficha uso.

Kamera ilipozimwa Rostom alimwendea shangazi. Akamuuliza, Polikarpe yupi, wa Baghdati, mji huu wa jirani? Shangazi akasema ndiye huyo huyo, kulikuwa na wangapi? Mzee akavaa kofia, akaondoka bila kuniaga. Ucha akamfuata. Tekle akanitazama. Ningependa zaidi angenitukana.

Jumamosi, 9 Septemba

Simu haijalia. Tekle hajatoka chumbani. Lamara ameniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia dakika kumi na moja si fupi. Hakucheka. Usiku uliopita sikulala, nilimsikia mtoto akilia ng'ambo ya ukuta. Naandika ukweli: iliniuma. Nilimbeba mabegani kwenda shule ya chekechea, nikamwambia akikua atapata kila kitu. Sikumwambia nitakikalia mwenyewe asikipate.

Mchana nikaitwa na Bi Nestan. Nikadhani ni polisi. Kumbe amependa. Anasema ndivyo Sandro anavyopaswa kuumbuka: katikati ya maombi ya uwongo, na bibi mkweli. Watapiga upya. Maneno yangu atasema mwigizaji wa Tbilisi. Shangazi atasema yake mwenyewe, na jina lake litaandikwa mwishoni mwa filamu kwa herufi kubwa. Kwangu itabaki mikono tu, ikiingia na sinia. Murman ameondolewa kabisa, mafuta hayatoki kwenye chokha. Hanisalimii. Angalau hilo.

Saa mbili usiku simu ikalia. Rostom. Akasema kesho anakuja kama ilivyopangwa, na shangazi Venera awepo. Akakata. Sauti yake sikuweza kuisoma.

Jumapili, 10 Septemba

Walikuja. Rostom, mkewe, Ucha. Lamara alipika tangu alfajiri. Murman naye alikaribishwa kwa sababu kiti cha ziada tuliazima kwake. Nilikuwa nimemwapia Tekle, mkono juu ya mkate, kwamba leo nitasema mambo mafupi na ya kweli.

Rostom akasimama na pembe. Akasema bibi yake aliachwa mjane miaka ile mibaya, mumewe amechukuliwa kwa kosa la kuzaliwa mwinyi. Watu walivuka barabara wasimsalimie. Alikuwa na nguruwe mmoja. Kila vuli alikuja mtu mmoja kutoka Baghdati, anafanya kazi yake, anavua kofia, anakaa mezani kwake mchana kweupe, mlango wazi, majirani wote waone, na anamwita bibi mwinyi kama zamani. Malipo hakupokea hata siku moja. Alikuwa Polikarpe. Bibi alimtaja kwenye kila maombi hadi alipokufa, nao watoto wakakua wakilijua jina hilo bila kumjua mtu mwenyewe.

Akasema juzi aliondoka bila kuaga kwa sababu alikuwa analia, na hakutaka kulia mbele ya farasi. Akaniuliza, "Bwana Kukuri, una jina kama hilo nyumbani, unaenda kutafuta la kuazima kwa nini?" Akasema posa hii ni heshima kwa ukoo wake. Shangazi akapiga meza kwa furaha. Lamara akalia. Tekle akanishika mkono chini ya meza, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nikalia na mimi. Kwa kweli kabisa, bila hila. Sikujua habari hizo za babu. Niliona haya, nikaona fahari, vyote kwa mpigo.

Kisha Rostom akasema alaverdi kwangu.

Nikasimama. Nikasema babu yangu Polikarpe alikuwa mhasi nguruwe. Watu wakanitazama kwa upendo. Tekle akatabasamu. Ningeketi hapo. Najua sasa kwamba hapo ndipo watu huketi.

Lakini pembe ilikuwa bado imejaa. Nikasema sasa wakati umefika wa kufichua jambo: kwamba babu alijua uchungu wa bibi yule kwa sababu yeye mwenyewe, kwa damu, alikuwa mwinyi aliyejificha kwa wahasi.

Tekle aliachia mkono wangu akafunika uso. Shangazi akasema kama ni kujificha alijificha vizuri, maana hata mama yetu hakuambiwa. Murman akateleza kutoka kwenye kiti kwa kicheko. Na Rostom, Mungu ambariki, akacheka mpaka akashika meza. Akasema harusi ni mwezi ujao, baada ya mavuno ya zabibu, ila kwa sharti moja: harusini pembe isinifikie. Wote wakakubali kwa kuinua mikono. Binti yangu aliinua miwili.

Naona ilikwenda vizuri. Posa imepita. Sharti lenyewe linaonyesha mkwe anaheshimu uwezo wangu wa kusema.

Pembe, sawa, hainifikii. Nimeahidi na nitatii. Lakini bendi itakuja na kipaza sauti. Mpiga akodiani nilimfungulia mlango alipopoteza funguo mwezi wa sita, na ni mtu anayekumbuka fadhila.